Nukta Sita, Vipande Thelathini na Kimoja

Wazazi wenzangu, keti na watoto wako, mchore duara. Tia nukta 2 juu ya mzingo wake, uziunganishe kwa mstari: duara limegawanyika vipande 2. Tia nukta 3, kila moja uiunganishe na wenziwe: vipande 4. Nukta 4 huleta vipande 8, na nukta 5 huleta 16. Je, nukta 6?

Aghalabu watu hujibu 32 pasi na kuchora, kwani kila mara idadi ilizidi maradufu. Binti yangu aliandika 31 katika daftari la shule, akawekewa alama ya kosa. Akaniuliza: "Baba, nifute niandike kama wenzangu?" Nikamwambia tuhesabu kwanza. Tulichora, tukachunga mistari mitatu isikutane mahali pamoja, tukatia namba kila kipande. Vikawa 31.

Lakini kuhesabu hakutoshi. Katika madrasa niliyosomea, maalimu hakuridhika na jibu tupu. Alitaka dalili yake. Basi dalili ni hii. Duara tupu ni kipande 1. Kila mstari huongeza kipande 1, na kila mahali mistari miwili inapokatana ndani ya duara huongezeka kingine 1. Nukta 6 zina mistari 15. Tena, kila nukta 4 utakazochagua huzaa makutano mamoja, na njia za kuchagua nukta 4 kati ya 6 ni 15. Jumlisha 1, 15 na 15, upate 31. Nukta 7 huleta 57, wala si 64.

Binti yangu hakufuta. Alimpelekea mwalimu mchoro wake kwa adabu. Alama haikubadilishwa, nami sikumruhusu amvunjie mwalimu heshima. Wala sikumruhusu aandike asichokiamini.

Mawingu ni dalili ya mvua, lakini si kila wingu hunyesha. Mtoto akija na jibu lisilofanana na la wenziwe, tusimnyamazishe kwa wingi wa wanaompinga. Tumuulize: "Umehesabu vipi?" Na akikuletea vipande 30, usimkemee pia, omba kuuona mchoro. Yamkini amezipanga nukta zake kwa masafa sawa, na mistari mitatu imekutana katikati.