Barua kwa Mwanangu Aliyepangiwa Singida

Singida mjini,
Mei.

Mwanangu mpendwa,

Mama yako alinipigia simu akaniambia tangu majina ya ajira za afya yatoke huna raha, kwamba umepangiwa Singida na wenzako wanakupa pole kana kwamba umefiwa. Eti utaishije mahali pasipo na bahari wala pa kwenda jioni. Nimeona simu haitoshi. Mji huu naupenda, na sitaki uje umenuna.

Bahari kweli hatuna. Ila tuna maziwa mawili ndani ya mji, Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini. Mtu anatoka sokoni na kikapu chake, anatembea kidogo, amefika majini. Maji yenyewe ni ya chumvi, kwa sababu hayana pa kutokea: yanayoingia wakati wa mvua hukaushwa na jua na upepo, chumvi ikabaki. Ndiyo maana hutaona mtu akichota maji ya kupikia pale.

Na kwa sababu ya maji hayo hayo tunapata heroe, wale ndege wa miguu mirefu wenye rangi ya waridi. Kuna miezi hawaonekani kabisa. Wao husafiri zaidi usiku, kwa hiyo unaweza kuliacha ziwa jioni likiwa tupu, asubuhi ukakuta ufuko mzima umebadilika rangi. Usiridhike kuwatazama kutoka barabarani kama wafanyavyo wapita njia. Shuka taratibu, uchuchumae, utulie. Utamwona mmoja akiinamisha shingo mpaka mdomo umegeuka juu chini ndani ya maji, kisha anatembea polepole huku koo likicheza haraka haraka. Anavuta maji na kuyasukuma nje, na mdomo unachuja vijimea vidogo ambavyo jicho letu haliwezi kuviona kimoja kimoja. Ule uwaridi wake unatokana na chakula hicho. Vifaranga vyao huanguliwa vikiwa vya kijivu, na sehemu kubwa ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana Ziwa Natron, huko mpakani na Kenya. Mimi nimekulia hapa, na mpaka leo nikisikia wamerudi naacha vyombo bila kuosha.

Utafika Juni, msimu wa alizeti. Hapo ndipo nakuonea wivu, maana utaingia kwenye mashine ya kukamua kwa mara ya kwanza. Nitakupeleka mwenyewe. Unakuta magunia yamepangwa, kina mama wamekaa juu yake wakisubiri zamu, na kelele ambazo mtu hawezi kumsalimia mwenzake ila kwa mkono. Mbegu zinamiminwa juu. Chini mafuta yanatoka meusi meusi, ya moto, yenye povu, halafu yanachujwa hadi yanakuwa na ile rangi ya dhahabu unayoijua. Upande wa pili yanatoka mashudu, vipande vyembamba vikavu ambavyo wafugaji wananunua kulisha mifugo. Chukua kipande kikiwa bado cha moto, ukisage kwa vidole, unuse. Harufu hiyo ndiyo Singida. Ukitoka hapo nguo zako zote zitanukia, na mtu wa kwanza utakayekutana naye njiani atajua ulikotoka.

Unajua, maisha yako yote umekuwa ukila Singida bila kuijua. Kuku wa kienyeji mnaokula sikukuu, wengi wametoka huku. Stendi utawaona kwenye matenga wakisubiri kupakiwa kwenda Dar. Vitunguu pia. Asali ya Manyoni na Itigi pia. Dar mnapokea kila kitu kikiwa kimeshafika. Huku utajua kimetoka kwa nani, na mvua ya mwaka huo ilimtendeaje.

Sokoni usiharakishe. Baba yako hakukufundisha Kinyaturu, na hilo nimemlalamikia miaka yote, lakini salamu utajifunza kwa wauzaji wa mlenda. Wazee wale wakikusikia unajaribu watacheka kwa furaha, watakuuliza wewe ni wa ukoo gani, na usishangae ukaambiwa hapo hapo kwamba ni ndugu yao. Nunua ule mlenda mkavu uliosagwa, nami nitakuonyesha kuupika kwa karanga na kula na ugali wa mtama. Upe nafasi mara tatu kabla ya kuukataa, maana koo la mtu wa Pwani linahitaji kuzoea.

Halafu kuna mawe. Hakuna mtaa usio na jiwe kubwa, mengine yamebebana kwa namna ambayo hata mtu mzima hupita akiangalia juu. Mchana ni ya mijusi. Jioni, baridi ya Juni inapoingia, panda ukae: jua limezama lakini jiwe bado lina joto lake, na unaona mji wote, ziwa mpaka ng'ambo. Ukitoka zamu umechoka na wagonjwa wa siku hiyo, njoo tukae pale. Hatutalazimika kuzungumza.

Mpira sina haja ya kukueleza, wadogo zako wa huku watakuburuta. Simba au Yanga ikija uwanja wa Liti, ambao wengi wetu bado tunauita Namfua, mji wote unafunga biashara mapema.

Sitakuficha, upepo wa huku una nguvu. Kuanzia Julai vumbi linaingia hata ukiwa umefunga dirisha, na midomo inapasuka. Chukua mafuta ya kujipaka ya kutosha, na sweta mbili nzito, si zile za kuendea kanisani. Singida iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni hazina huruma.

Safari ni kama kilomita 700. Ushauri wangu, panda treni ya SGR hadi Dodoma, ile iliyoanza 2024, kisha uchukue basi. Utafika hujachoka sana, na kuanzia Manyoni kukiwa bado mchana ukae dirishani.

Chumba nimeshakupatia, cha mama mmoja tunayesali naye, kina maji ndani. Mafuta ya kupikia na vitunguu usinunue huko. Niambie basi gani umepanda, nikungojee stendi ya Misuna.

Ni mimi,
Shangazi yako akupendaye.