Barua Isiyofika

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika Kagunga, panda boti pale Kibirizi, Kigoma mjini, uelekee kaskazini. Utaipita Gombe ya sokwe, na ukikaribia mpaka wa Burundi utaona nyumba zimebanwa kati ya ziwa na milima. Hapo ndipo kwetu. Baba yangu alikuwa nahodha wa boti ya abiria. Alibeba watu, dagaa, mawese, na barua pia. Barua alizitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga vizuri, akauvaa shingoni.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2020. Ndoto yangu ni kuandika riwaya, lakini riwaya hailipi kodi ya chumba. Nikapata kibarua katika ofisi moja mjini Kigoma, yenye kituo kidogo kulekule Kagunga. Kwa kuwa nilijua kuchapa haraka, bosi alinikabidhi kompyuta moja kuukuu akasema, "Kijana, hii itakuwa posta yetu." Laini ya intaneti ilikuwa ya kukatika-katika, naye alitaka barua za wafanyakazi zizunguke humo ofisini hata laini ikifa.

Fundi alitoka Dar es Salaam, akanifundisha kwa siku tatu. Tukaweka Linux. Tukaweka Postfix, programu ya kupokea na kusafirisha barua aliyoitoa Wietse Venema mwaka 1998, na Dovecot ya kuwafungulia watu masanduku yao. Nilidhani nitaona miujiza. Kumbe ni mambo yale yale ya baba! Seva mbili zikikutana husalimiana kwanza. Moja inajitambulisha, inamtaja anayetuma, inamtaja anayepelekewa, ndipo inatoa barua. Nyingine ikiipokea inajibu kwa namba 250. Taratibu hizo za salamu ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na mpaka leo seva zinazifuata.

Fundi alinikazia jambo moja: "Ukishajibu 250, barua hiyo ni deni lako. Ama uifikishe, ama umpe taarifa aliyeituma kwamba imeshindikana. Hakuna njia ya tatu."

Njia ikifungwa, barua inakaa foleni. Postfix, usipoibadilisha, huijaribu tena na tena kwa siku 5, kisha humwandikia mwenyewe kwamba haikufika. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari. Lakini kuandika si kuelewa.

Ijumaa moja wenzangu walilalamika kwamba wakiwa nje ya ofisi, barua hazitoki kwenye simu zao. Dawa yake ni kumpa kila mtu nywila ya kutumia akiwa mbali. Mimi nikaona uvivu, nikafanya ujanja. Kwenye orodha ya mitandao ya kuaminiwa nikaandika 0.0.0.0/0. Maana yake ni dunia nzima. Yaani boti isiyouliza abiria ni nani wala anakwenda wapi. Barua zikatoka, nikapongezwa, nikarudi chumbani kuandika sura ya nne ya riwaya yangu.

Jumatatu asubuhi nilikuta foleni imejaa barua elfu na elfu za watu nisiowajua, za kuuza dawa za nguvu na bahati nasibu. Seva za nje zilikwisha tuweka kwenye orodha ya wahalifu, hazitaki hata salamu yetu. Nikatetemeka. Nikaondoa ule ujinga wangu, kisha bila kumwambia mtu nikatoa amri moja fupi ya kufuta foleni nzima. Muda si mrefu, kweupe. Bosi alipouliza nikamjibu, "Laini ilisumbua kidogo, mzee."

Mchana nikafungua kumbukumbu za seva. Zinaonyesha nani kamwandikia nani, na saa ngapi. Ndani ya takataka ile nilikuwa nimefuta barua 11 za wenzangu. Na kwa kuwa nilizifuta, seva haingewapa taarifa yoyote. Wao simu zilishawaambia "imetumwa". Moja ilikuwa ya dada wa kituo cha Kagunga, aliyoituma Jumamosi usiku kwenda chuo kimoja. Nilijua ni maombi ya masomo, maana alikuwa akitusimulia kila siku. Nakala alikuwa nayo. Angeambiwa tu, angeituma kwa njia nyingine.

Nikanyamaza. Jumanne nikanyamaza tena. Niliogopa kufukuzwa kazi. Jumatano nikaomba ruhusa, nikapanda boti kwenda kwa baba.

Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Aliingia ndani akarudi na kopo la maziwa, akatoa bahasha iliyokunjamana. Alinikumbusha Mei 2015. Nilikuwa darasa la sita wakati maelfu ya watu wa Burundi walipojaa ufukweni kwetu, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba ikawa inasimama majini huku boti ndogo zikiwapeleka watu kupanda. Mama mmoja alimpa baba barua ya mumewe, aliyetangulia Kigoma. Baba alimtafuta Uwanja wa Lake Tanganyika, akaambiwa wamekwisha pelekwa kambi ya Nyarugusu. Aliporudi Kagunga, yule mama naye hakuwepo.

"Ilikaaje miaka yote hii, baba?" nikauliza. "Hujaifungua?"

"Barua ya mtu haifunguliwi," alisema. "Na wala haitupwi. Mimi sikumpata wa kumwambia. Wako yupo hapo juu, nyumba ya tatu."

Nikaenda. Nilimkuta dada anachambua dagaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Alifuta mikono, akatazama ziwa kwa muda.

"Mwisho wa kupokea ulikuwa jana," alisema. "Ungeniambia Jumatatu, mdogo wangu, ningepanda boti."

Niliporudi mjini nilimweleza bosi ukweli, nikawaandikia na wale kumi wengine, mmoja mmoja. Nilikatwa mshahara, sikufukuzwa. Kutolewa kwenye ile orodha ya wahalifu kulituchukua majuma kadhaa ya kuomba na kusubiri. Siku hizi kila asubuhi, kabla ya chai, ninasoma foleni. Barua ikikwama, ninampigia simu mwenyewe.

Vijana wenzangu mnaoandika, sura yangu ya nne ilikuwa na mama anayempelekea mumewe barua kwa boti, na barua inafika. Nimeifuta sura hiyo. Ninaiandika upya, na sijui nahodha atamwambia nini yule mama.