Kitako

Msomaji mwenzangu, bunduki ya zamani ya kijeshi karibu nusu yake ni mti. Sisi tuliokulia kwenye sinema za mapigano macho yetu huwa kwenye mtutu, lakini mkono wa askari uko kwenye mti, na mti ndio unaolala begani mwake. Hayo nimejifunza karakanani kwa ami yangu, hapa Mgogoni, ninakoshinda tangu nilipomaliza kidato cha nne. Mchana napiga randa, usiku naandika riwaya ambayo hata jina haijapata.

Kikundi kimoja cha maigizo kilituletea Lee-Enfield, bunduki waliyobeba makeya wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Mtutu ulikuwa umezibwa kwa chuma, komeo limetolewa, kibali kipo. Ilikosa kitako tu.

Bahati yetu, kitako cha Lee-Enfield ni kipande cha peke yake. Hushikwa na bolti moja ndefu inayopita ndani ya mti kutokea nyuma. Waingereza walitumia mti wa jozi, sisi huo hatuna. Mvule uko Ngezi, lakini ule ni msitu wa hifadhi. Ami akachagua ubao wa mfenesi uliokaa darini miaka mingi, mkavu, wa manjano.

"Tazama nyuzi," akaniambia. "Zipite moja kwa moja shingoni. Zikikatika njiani, hapo ndipo kitakapovunjika."

"Lakini ami, hii haipigi. Teke litatoka wapi?"

"Wewe chonga kama inapiga."

Kazi ngumu ilikuwa tundu la bolti, maana keekee ikipinda kidogo tu umepoteza ubao. Kisha patasi, tupa, msasa. Jeshini vitako hivi vilitoka vifupi, vya kati na virefu, kwa kuwa mikono ya watu hailingani. Basi tukamwita kijana atakayeigiza. Akakunja mkono, kitako kikaegemea ndani ya kiwiko, kidole kikafika kwenye kifyatuo. Sawasawa. Tukapaka mafuta ya kitani. Ya nazi hayakauki.

Siku ya tatu ya mafuta mama akaja na chai. Akakiona kinaning'inia, akaweka birika chini.

Mama si mtu wa kusimulia. Nijuayo mimi ni yale yajulikanayo na wote: tarehe 27 Januari 2001 maandamano Zanzibar yalipigwa risasi, Pemba ikaumia zaidi, na tume ya Serikali ikahesabu waliokufa 31. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Kenya, wengi wakashukia Shimoni. Mama alikuwa mmoja wao, mimi nikiwa mgongoni mwake, sijatimiza miaka miwili.

"Hicho nakijua," akasema. "Risasi nilizisikia kwa mbali. Hicho ndicho kilichovunja mlango wangu."

Ami akainamisha macho. Mimi nikaitazama ile shingo niliyoilainisha siku nne mpaka ikakaa vizuri kiganjani. Hata waliogonga kwa mama, mti ulikuwa umewakaa vizuri kiganjani. Fundi gani alimpimia yule mtu mkono?

Vijana walipokuja kukichukua, mama akawauliza, "Katika mchezo wenu, nani anapigwa nacho?"

Wakatazamana. "Hapana, mama. Askari anapiga gwaride, anakwenda vitani, halafu anarudi kwao."

"Basi mchezo wenu haujakwisha, wanangu."

Wakakichukua, wakashukuru, wakaondoka kimya.

Waandishi wenzangu, riwaya yangu ina sura ya mwaka 2001 ambayo naizunguka tangu nilipoianza. Sasa mama amekubali kunisimulia, baada ya Isha, kidogo kidogo, akichoka tunaacha. Bado sijui sura hiyo itaishia wapi. Itaanza na mlango.