Roho Haina Spea
Watu husema lori ni injini. Mimi niliyepiga utingo miaka mitatu nasema lori ni mafuta. Turbo husukuma hewa nyingi. Hewa nyingi huruhusu dizeli nyingi kuungua, na dizeli hiyo hiyo ndiyo inayolainisha pampu ya nozeli. Ukiichakachua kwa mafuta ya taa, vyuma vinasagana vikavu. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuuzima mchezo huo. Bibi yangu, mwenye kibatari tu, akalipa. Tajiri wetu bado anatafuta dizeli ya bei poa. Dereva anakataa: “Kijana, kwenye mlima Kitonga tajiri hayumo.” Nami nikitumwa filta, naleta halisi. Roho haina spea.