Saa Yetu na Saa ya Mashine

Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, lisije likawapata na ninyi.

Mwezi uliopita mke wangu aliitwa mjini kwa daktari wa macho. Habari ililetwa kwa simu, nayo ilikuwa ya Kiingereza. Mjukuu wangu akaitia katika programu ya kufasiri lugha, na mara hiyo tukapata Kiswahili: aje Jumanne, saa 8 asubuhi.

Nikacheka. Nikasema, "Saa 8 ni mchana, si asubuhi! Mashine imekosea neno." Basi nikalitupa neno, nikaiamini hesabu. Tukapanda gari la saa 4, tukafika saa 7 u nusu, huku tukijisifu kwa kuwahi. Kumbe daktari alikwisha ondoka. Saa 8 ile ilikuwa ya Kizungu, yaani saa 2 asubuhi kwetu. Mke wangu akarudi na macho yake yale yale, bila neno la kunilaumu. Na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana. Sisi twahesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa. Nchi zetu zi karibu na Ikweta, na jua hutoka na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo hatupotei. Huko Ulaya mchana hurefuka sana na kufupika sana kwa majira. Nao huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tofauti yetu ni saa 6. Tazameni, katika neno dogo "saa" mna fikira nzima ya watu na jua lao. Programu imejifunza kwa maandishi mengi mno, lakini haijapata kuamshwa na jogoo.

Sisemi tuzitupe simu, zatufaa. Ila mkifasiriwa saa, tarehe au kipimo cha dawa, msiione aibu kumwuliza mtu ajuaye. Na mashine ikisema jambo lisilopatana, msichague upande mmoja kama nilivyofanya mimi. Simameni, mwulize.

Mke wangu ataitwa tena mwezi ujao. Safari hii tutamtangulia jogoo.