Baba, Nimeshafuta

Nina watoto wawili, binti wa miaka sita na mvulana anayekaribia minne. Tunaishi Biryogo, Nyamirambo, hapa Kigali, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa barazani tangu enzi za wafanyabiashara waliokuja na misafara yao. Mimi ni mtu wa Ujiji, Kigoma. Mke wangu ni Mnyarwanda. Ushuhuda huu nautoa kwa sababu ya maneno mawili aliyoniambia binti yangu alipokuwa na miaka minne. Nimeyabeba tangu siku ile, na sitaki kuyatua.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Mizigo mingi ya Kigali hushuka bandari ya Dar es Salaam, ikasafiri karibu kilomita 1,500 na kuvuka mpaka wa Rusumo. Simu yangu hulia usiku na mchana: lori limekwama, namba ya karatasi imekosewa, dereva analala mpakani siku ya pili. Kwa kuwa kodi ya nyumba ililipwa, mchele ulikuwepo na mituweli, yaani bima ya afya, ya familia nzima ilikuwa hai, niliamini nimemaliza wajibu wangu wa baba. Kuogesha, kulisha, kubembeleza, kukesha na mtoto mwenye homa, hayo yote nilimwachia mama yao, ingawa naye alidamka kila siku kwenda kuuza vitenge soko la Nyarugenge.

Mimi nilibaki na adhabu. Ndivyo nilivyokuzwa. Kwetu baba alipokohoa mlangoni nyumba nzima ilinyamaza, na ukimya ule tuliuita heshima. Methali niliyoipenda kuliko zote ni ile isemayo mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliishika kama hati ya kiwanja.

Siku moja binti yangu, akiwa na miaka mitatu, alimwaga kikombe cha maziwa juu ya karatasi zangu za forodha. Nilimpiga kwa kandambili na kumfungia chumbani. Alilia mpaka akalala sakafuni. Mimi nilikuwa sebuleni nikizikausha karatasi kwa pasi, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa.

Baada ya siku ile hakumwaga tena kitu mbele yangu. Nikajisifu kwa mke wangu kwamba mtoto ameshika adabu. Mke wangu hakunijibu.

Kisha ikaja Jumapili moja ya Aprili. Hapa kwetu mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na asubuhi ile ilinyesha tangu alfajiri. Mama watoto alikuwa amekwenda kumjulia hali dada yake. Aliacha uji wa sosoma, ule wa soya, mtama na mahindi, ndani ya chupa ya chai juu ya meza, akaniambia, "Baba watoto, watakapoamka wamiminie, upoe kwanza." Nikaitikia. Simu ikalia kutoka Rusumo. Nikatoka nayo barazani ili nimsikie dereva vizuri, maana mvua ilipiga bati kwa kelele.

Nilizungumza, nikapiga kwa mwingine, nikazungumza tena. Niliporudi ndani ilikuwa imepita karibu saa nzima. Binti yangu alikuwa amekaa nyuma ya mlango, amevaa sweta, magoti yamegusa kidevu. Sakafu ilikuwa safi. Nikamwambia aniletee viatu vya mdogo wake. Akavileta kwa mkono wa kushoto. Mtoto huyu hutumia kulia kwa kila jambo, nami tangu alipoanza kula namkataza kula kwa kushoto. Nikafungua mdomo nimkaripie, nikaona midomo yake inatetemeka.

Nikaukunja mkono wa sweta ile. Ngozi kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko ilikuwa nyekundu, imejaa malengelenge, na mahali pawili sufi ilikuwa imenata. Alikuwa amejaribu kujimiminia uji ili asinisumbue. Chupa ilimshinda uzito.

Aliniangalia machoni, akasema, "Baba, nimeshafuta."

Hakusema ameungua wala hakusema anaumwa. Alinipa taarifa kwamba sakafu ni safi. Kwa karibu saa nzima mtoto wa miaka minne alipiga magoti akafuta uji wa moto kwa mkono uliounguzwa na uji huohuo, akavaa sweta kuficha, akajibana nyuma ya mlango bila kutoa sauti. Mwanangu aliniogopa mimi kuliko moto.

Nilikimbilia dawa ya meno, kama tulivyofanya nyumbani zamani. Bibi jirani, aliyesikia kilio changu mimi, aliingia na kunizuia mkono. "Hapana, mwanangu. Maji. Mpeleke bombani." Tukauweka mkono wake chini ya maji yanayotiririka, bibi akihesabu dakika, huku akimwambia binti yangu "ihangane, mwana wanjye, ihangane," neno ambalo Wanyarwanda hulitumia pale sisi tunaposema pole. Kwenye kituo cha afya muuguzi alinieleza kwa upole mambo ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua: mtoto akiungua, mwagia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, yasiwe ya barafu, usipake dawa ya meno, siagi wala majivu, usiyapasue malengelenge, funika kwa kitambaa safi kisichonata na umpeleke kituo cha afya. Maji husaidia hata baada ya muda kupita, lakini dakika za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Dakika hizo za mwanzo binti yangu alizitumia kupiga deki.

Usiku ule nililia, mimi niliyemliza mwanangu ili nisije kulia.

Mke wangu hakunitukana. Aliniambia jambo moja tu. Alinikumbusha siku ya nane baada ya binti yetu kuzaliwa, mama mkwe alipokuja kutoka Rwamagana kufanya kwita izina, desturi ya kumpa mtoto jina. Waliitwa watoto wa majirani, wakapewa chakula kiitwacho ubunnyano, na kila mmoja akapendekeza jina la mgeni wetu. Watu wazima tulisimama pembeni tukiwasikiliza. "Kwetu mtoto hupokewa kwa sauti za watoto," alisema. "Wewe umeifanya nyumba yako mahali ambapo sauti ya mtoto ni kosa."

Shemeji yangu ndiye aliyenishika mkono. Yeye na mkewe walikuwa wamepitia mafunzo ya Bandebereho, neno la Kinyarwanda lenye maana ya mtu wa kuigwa. Mpango huo ulianza mwaka 2013 ukiendeshwa na shirika la wanaume la RWAMREC katika wilaya nne za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Wanaume wenye watoto wadogo au wanaotarajia mtoto hukaa pamoja wiki baada ya wiki, vikao vingine wakiwa na wake zao, wakazungumza juu ya ujauzito, malezi, fedha za nyumbani na hasira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliolinganisha familia zilizohudhuria na zile ambazo hazikuhudhuria, ulionyesha kwamba kwa waliohudhuria vipigo dhidi ya wake na watoto vilipungua, na wanaume walishika zaidi kazi za nyumbani. Lakini takwimu sizo zilizonigusa. Kilichonigusa ni kumwona shemeji, mkulima mwenye mikono migumu kama yangu isivyowahi kuwa, akimwogesha mtoto mchanga kwa kiganja kimoja chini ya shingo, akimwimbia. Aliniambia kwamba katika vikao vile waliulizwa wakumbuke baba zao. Wengi walikumbuka sauti ya viatu mlangoni. Wachache walikumbuka kupakatwa.

Hapa Kigali sikupata mafunzo hayo, ila nilianza kuhudhuria umugoroba w'imiryango, kikao cha familia cha mtaa wetu ambacho zamani kiliitwa jioni ya wazazi. Kwa miaka kikao hicho nilimwachia mke wangu. Nilisimama mbele ya majirani nikasimulia habari ya sweta. Wanaume wawili waliinamisha vichwa. Baadaye mmoja alinifuata, akaniambia kwamba mwanawe naye huficha mambo.

Kwenye darsa pia nilisikia upya habari niliyoijua tangu chuoni: Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka 10 tangu akiwa kijana mdogo, alieleza kwamba hakuwahi kuambiwa naye hata "ah" ya kuudhika. Miaka 10 ya kijana ndani ya nyumba, na vyombo havikosi kuvunjika. Nilikuwa nimeikariri habari hiyo kwa Kiarabu na Kiswahili, ila sikuwahi kuifikisha nyumbani kwangu.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo madogo. Kila jioni baada ya magharibi simu yangu huwekwa juu ya kabati hadi watoto walale. Dereva atasubiri, lori halilii. Chupa ya chai nayo ilihamia juu ya kabati, na jiko la mkaa likazungushiwa mstari wa chokaa ambao watoto hawauvuki. Jambo la tatu lilikuwa gumu zaidi. Nilimketisha binti yangu nikamwambia, "Ukimwaga, sema. Ukivunja, sema. Anayesema hapigwi." Alinitazama kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua. Hakuniamini, na alikuwa na haki.

Nilianza kumwogesha mdogo wake na kujifunza mambo ambayo mama yao aliyajua zamani: kwamba maji hupimwa kwa kiwiko, kwamba mtoto wa mwaka mmoja na nusu hatupi kijiko ili kukuudhi, anauliza kama kijiko kitaanguka tena kama kilivyoanguka jana, kwamba anayekataa kulala mara nyingi amechoka kupita kiasi. Nilijifunza kusuka mistari miwili ya nywele. Siku mvulana wangu alipoingiza punje ya haragwe puani nilimchukua taratibu, tukaenda kituo cha afya tukiimba, ikatolewa kwa dakika mbili. Baba niliyekuwa zamani angempiga kwanza, haragwe lingezama.

Furaha nilizokuwa nazikosa zilikuwa nyumbani kwangu siku zote. Jumapili mbili za mwezi Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari asubuhi, desturi iliyoanza mwaka 2016. Huko ndiko nilikomfundisha binti yangu baiskeli, mimi nikikimbia nyuma nimeshika kiti. Nilipokiachia bila yeye kujua, aliendelea mbele akipiga kelele, "Papa, ngwino urebe!" Baba, njoo uone! Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango alikuwa akiniita nimtazame. Mdogo wake huchanganya lugha tatu katika sentensi moja na anasubiri nicheke, kisha hucheka mwenyewe. Kabla sijazima taa huniuliza kama mwezi pia huishi Nyamirambo.

Sikugeuka kwa siku moja. Miezi mitatu baada ya ajali, kwa uchovu wa kazi, nilimfokea binti yangu kwa sababu ya viatu vilivyojaa matope. Nikaona mabega yake yakipanda hadi masikioni, ishara niliyoifahamu sasa. Nilikaa chini, macho yetu yakawa sawa, nikamwomba radhi. Sikuwahi kumsikia baba yangu akimwomba mtoto radhi, na ulimi wangu ulikuwa mzito. Binti yangu alifikiri kidogo, akasema, "Yego, Papa," ndiyo, akaenda kuvisafisha viatu mwenyewe.

Mwezi wa nane nilikuwa uani nikifua. Nikasikia kishindo cha kioo jikoni, kisha kimya. Moyo ulinipasuka. Nilikumbuka kimya cha Jumapili ile. Mara nikasikia miguu ikikimbia, ikija upande wangu, siyo kunikimbia. Alitokea mlangoni, macho yamemtoka, mikono juu, akasema kwa sauti ya juu, "Baba, nimevunja glasi! Na mdogo wangu hana viatu!"

Nilimkumbatia huku mikono yangu ikichuruzika povu, nikaenda kumbeba mdogo wake kutoka katikati ya vipande. Hakuna aliyejikata. Tulifagia pamoja. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa glasi ile kuliko kwa mzigo wowote uliowahi kuvuka mpaka kwa mkono wangu.

Wanyarwanda wana methali: umwana apfira mu iterura, yaani mtoto huharibika kwa jinsi alivyonyanyuliwa tangu mwanzo. Ile methali yetu ya mchelea mwana sijaitupa. Binti yangu hulia ninapomnyima pipi kabla ya kula, hulia ninapozima televisheni, nami simchelei. Bali nimejua kwamba kuna kilio cha mtoto anayefundishwa na kuna kimya cha mtoto anayeogopa, na hicho cha pili ndicho kitakachomliza mzazi.

Kovu liko mkononi mwake, limefifia lakini lipo. Ataolewa nalo.

Baba mwenzangu unayesoma haya, usingoje sweta ya mwanao ikufundishe. Leo jioni weka simu mbali, mwite mtoto wako, mwambie kwamba akimwaga na akasema hatapigwa. Kisha siku atakapomwaga, kabla hujaitazama sakafu, mtazame yeye kwanza, uliza kama ameumia.

Na ahadi uliyompa, itimize.