Bi Mkubwa na Rimoti ya Kioo

Sikia hii wadau. Staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni) alimletea mama yake Apple TV, ile yenye rimoti ya kioo iliyotoka 2015. Juu na chini zinafanana, na vidole vya bi mkubwa vinatetemeka. Akigusa tu, picha zinakimbia. Mwisho tamthilia akaacha, anasubiri mpaka mjukuu arudi shule.

Staa akaulizia rimoti ya 2021, ambayo mguso unazimika zikabaki kazi za vitufe. Bei ikamtoa jasho, staa mzima!

Dada wa kazi ndo akaingia kwenye mipangilio, akaifundisha Apple TV rimoti ya king'amuzi kilichokufa zamani: juu, chini, kushoto, kulia, kitufe kimoja kimoja. Bure kabisa. Sasa hivi bi mkubwa analala nayo chini ya mto, mjukuu haigusi.